Kuziba Pancha, Kung'oa Jino

Enzi zetu, mnasema, meno yalikuwa chuma. Nimesoma yote mliyoandika wiki hii kwenye kundi letu la simu, nyie wenzangu tuliosoma pamoja shule ya msingi hapa Nsemulwa, Mpanda. Ilianza pale mmoja wetu alipotuma picha ya kijana anayehangaika na chupa ya soda, anatafuta kifungulio. "Watoto wa chapati laini!" mkaandika. Mkakumbushana jinsi tulivyofungua soda kwa magego, tulivyomenya muwa bila kisu, tulivyotafuna mfupa mpaka mbwa akatuchukia. Mkacheka sana. Mimi nilikaa kimya na cherehani yangu, nashona, lakini nilikuwa nimefura kwa hasira. Leo nimeweka mkasi chini. Nisikilizeni na mimi.

Sikatai kwamba kulikuwa na utamu. Nakumbuka tulipokuwa wadogo, mahindi yakianza kukomaa, mtaa mzima ulinuka moshi na punje zilizoungua. Tulikula hata yale yaliyokwisha kuwa magumu, ambayo wakubwa walikuwa wameyaacha kwa ajili ya kusaga, na ukipita nyuma ya nyumba jioni ulisikia kra, kra, kra kama mbuzi wameingia stoo. Baba yangu alikuwa na mizinga ya magome porini, upande wa Inyonga. Akirudi, kabla hajapewa hata maji ya kunawa, sisi tumeshashika bakuli la bati. Masega yalikuwa ya moto kwa jua, yananata vidoleni, na humo ndani unakuta nyuki aliyekufa na kipande cha gome. Unatafuna mpaka asali inaisha, unabaki na nta, nayo unaichezea mdomoni kutwa nzima kama bablishi. Mama alitukataza kuimeza. Alisema itaziba utumbo, na tulimwamini mpaka siku kaka yangu alipoimeza na kesho yake akaamka mzima.

Usafi tulikuwa nao, tena wa kulazimishwa. Jumatatu asubuhi mwalimu wa zamu alipita mstari kwa mstari na fimbo kwapani. Kucha, nywele, kola ya shati, kisha anafika kwenye mdomo. "Onyesha meno!" Mstari mzima tunakenua kama tumechomwa na miiba. Nyumbani tulisugua kwa kijiti tulichokitafuna ncha, na mkaa uliosagwa na chumvi kidogo, ukitema mate ni meusi kama oili chafu. Aliyesahau alikuwa na dawa yake njiani: majani ya mpera. Unayatafuna haraka haraka kabla ya kufika getini, na ukali wake unakukausha mdomo mpaka ulimi unagoma. Mwalimu alijua. Alimnusa mtu, akasema, "Wewe umekula mpera," na fimbo ikashuka.

Na jino la utoto likilegea, ilikuwa sherehe. Unalisukuma kwa ulimi darasani wiki nzima, unalifunga uzi mlangoni, kaka anaubamiza mlango, unalia na kucheka kwa wakati mmoja. Kisha unasimama uani, unalirusha juu ya paa na kumwomba kunguru achukue bovu alete jipya. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, kwa hiyo jino lilikaa huko huko. Kwetu baba alikuwa ameshapata mabati, na hapo ndipo shida ilipoanza: jino likapiga bati, ngwa, likabingirika, likarudi miguuni kwangu. Nilirusha tena, likarudi tena. Nililia siku nzima nikijua nitabaki na pengo hadi nizeeke. Bibi ndiye aliyekuja kunituliza, akalichukua, akaondoka nalo kwenda kulitupa kwake.

Watoto wa siku hizi hawayajui hayo. Wao jino likitoka wanalipiga picha. Ukimpa muwa anauliza, "Umemenywa?" Binti wa jirani yangu ameona kwenye simu kwamba ndimu inang'arisha meno, kayasugua kwa ndimu mwezi mzima, sasa hawezi kunywa hata maji ya mtungi bila kuruka. Kijana mwingine hapa mtaani kavalisha jino zima la mbele bati la rangi ya dhahabu ili afanane na wasanii, na akicheka anageuka kwenye jua makusudi. Wacheni, hapo hata mimi nacheka nanyi.

Lakini mkikumbuka, kumbukeni yote. Nyie wanawake mliokuwa mkicheza na mimi baba na mama nyuma ya nyumba ya bibi, mnakumbuka tulivyokuwa tunaigiza kuwa mama zetu? Hatukuanza na sufuria wala mtoto wa magunzi. Tulianza na kitenge. Unakivuta upande mmoja, unafunika mdomo, ndipo unacheka: hi hi hi, kichwa kimeinama. Aliyecheka mdomo wazi tulimwambia, "Wewe si mama, toka." Tulidhani ni adabu. Tulidhani mwanamke akishazaa anafundishwa mahali fulani kucheka ndani ya kitenge, kama anavyofundishwa kupika ugali. Tukajizoeza, kwa heshima zote.

Mimi niliujua ukweli siku baba aliporudi kutoka kurina, nyuki wakiwa wamemkomoa. Jicho moja limefungwa kabisa, mdomo wa juu umevimba kama andazi. Na baba yangu alikuwa mtu wa kujiheshimu, hakutaka kuonyesha kwamba ameumia. Akasimama mlangoni, akatusalimia sote kwa sauti nzito, lakini salamu yenyewe ikatoka "Hambambo." Mama alikuwa anapepeta mchele, ungo kaushika kwa mikono miwili, umejaa. Hakuwa na mkono wa kushika kitenge. Akacheka, akacheka kwa kweli, kichwa kimekwenda nyuma, na mimi nilikuwa nimekaa chini mbele yake. Nikaona. Mbele meno mawili, pembeni moja limesimama peke yake, na kwingine kote ni fizi tu, nyekundu na laini kama za kichanga.

Mama hakuwa mzee. Nimeshampita umri aliokuwa nao siku ile, nimempita mbali.

Nilimuuliza jioni yake meno yamekwenda wapi. Hakukasirika. Akasema, "Mwanangu, kila mtoto huja na jino lake. Wewe ulichukua gego la kushoto." Hivyo ndivyo walivyoamini wanawake wote pale mtaani: mimba inakula jino. Sisi tulikuwa sita. Na mimi, mjinga wa watu, nilijivuna. Niliwatambia kaka zangu kwamba nilichukua gego, jino kubwa, wakati wao wamechukua vijino vya mbele. Tulifikia kugombana nani kachukua lipi. Mama anasikiliza na kitenge mdomoni.

Hatukuwa sisi tuliochukua. Aliyechukua ni Mzee Baiskeli, na wengi wenu mnamkumbuka, yule fundi aliyekaa kwenye kona ya kwenda sokoni, na karai lake la maji meusi na kopo la solusheni. Watu wa Nsemulwa walikuwa na fundi mmoja wa baiskeli na wa meno. Jino likiuma, kwanza ulichemshiwa mbegu za tunguja, ukaachama juu ya mvuke ili mdudu wa jino aanguke. Mdudu asipoanguka, ulitiwa ugoro kwenye tundu. Ugoro usiposaidia, wengine, Mungu awarehemu, walidondoshea maji ya betri. Mwisho wa yote ni kwa Mzee Baiskeli, koleo likichemka kwenye sufuria, watu wawili wakikushika mabega. Hakuwa mtu mbaya. Alipokea kuku, na kwa asiye na kuku alisema, "Utaleta siku nyingine."

Sasa hebu fikirini jambo hili, maana mimi limeninyima raha tangu nilipolifikiria. Mpira wa baiskeli ulipotoboka, mzee yule aliuchovya majini akatafuta tundu, akalikwangua, akapaka solusheni, akabandika kiraka. Ukitoboka tena, kiraka kingine. Ule mpira wa baba ulikuwa na viraka vingi kuliko mpira wenyewe, na bado hakuna aliyethubutu kuutupa. Lakini jino la mama likitoboka tundu la kupitisha sindano, dawa ilikuwa koleo, mara ya kwanza na ya mwisho. Hakuna mtu pale mtaani aliyejua kwamba jino nalo huzibwa. Kuziba kwetu ilikuwa pancha. Jino ni kung'oa, na mpaka leo lugha yetu imebaki hapo hapo. Msikilizeni mtu yeyote wa Mpanda. Hasemi anakwenda kutibiwa jino. Anasema, "Nakwenda kung'oa."

Hayo ndiyo meno ya chuma ya enzi zetu. Wenye meno walicheka tukawasikia, wasio nayo walifunika mdomo, na nyie mmewasahau.

Mtaniambia hayo ni ya zamani, sasa kuna maendeleo. Ngoja niwaeleze ya Devota basi. Devota ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, mnamjua, anauza asali sokoni Kashaulili. Harithi mizinga mwanamke kwetu, lakini alirithi ulimi wa baba. Dumu la asali likishuka kwenye basi kutoka Inyonga, hafungui tu akaangalia rangi. Anachovya kijiti, anakigusisha nyuma ya meno ya mbele, anafumba macho, na kabla hujahesabu anakwambia kama imechanganywa na sukari iliyopikwa. Wateja wake wanamfuata kwa ajili hiyo tu. Anakula kwa ulimi huo, na watoto wake wanasomea ulimi huo.

Magego aling'oa moja baada ya jingine, kila lilipouma, akahamia kutafunia mbele. Mwaka jana jino la mbele nalo likatoboka, pembeni, mahali asali inapogusa. Akionja, uchungu unampanda mpaka kwenye jicho. Akaanza kuogopa kuonja. Akawa ananunua kwa kutazama, na wenye kuuza wakajua, maana watu hujua haraka. Akauziwa madumu ya maji ya sukari, akayauza bila kujua, wateja wakarudi kumsema mbele ya soko zima. Nikamwambia, "Twende hospitali." Akasema, "Sawa, Dada, nikang'oe."

Dirishani aliulizwa vile vile: "Mama umekuja kung'oa?" Hakuulizwa anaumwa nini. Lakini ndani tulimkuta daktari kijana, mpole, na kiti kile kirefu cha kulala, na taa, na ukutani bango limeandikwa kinga ni bora kuliko tiba. Akamtazama kwa muda, akampa kioo kidogo ajione mwenyewe, akasema, "Mama, hili si la kung'oa. Hili linazibika."

Devota akacheka. "Kama pancha?"

"Kama pancha," akasema daktari. "Leo hii, saa hizi, na unaondoka nalo."

Nawaambia ukweli, moyo wangu uliruka. Nilimuona mama yetu akicheka siku ile ya ungo. Kisha daktari akataja bei, na Devota akashuka kwenye kiti taratibu, akamshukuru, akajifunga kitenge chake vizuri. Kung'oa ni bei ya kuku, kama enzi za Mzee Baiskeli. Kuziba ni bei ya banda zima. Daktari akasema anaweza kusubiri kidogo lakini asikawie, kwa sababu tundu likifika kwenye mzizi, kutibu mzizi ni hela nyingine kabisa, na ni safari ya kwenda Mbeya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa hivyo darasani na tukaandika insha. Hakuna aliyetufundisha mwenye ufa afanye nini kama udongo wa kuzibia unauzwa bei ya nyumba.

Hapo ndipo nilipowaandikia nyie. Mnakumbuka, au mmefuta? Niliandika kwa adabu, nikaeleza kazi yake ni ulimi na jino, nikaomba kila mmoja achangie kidogo. Mkanijibu kwa vikatuni vinavyocheka machozi. "Jino tu?" mmoja akaandika. Mwingine akasema, "Si ang'oe, atabakiwa na mengi!" Na juma lile lile mkachanga kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti wa mwenzetu, mkagombana kuhusu rangi ya mapambo. Akifa mtu mnachanga sanduku ndani ya saa moja. Yaani Devota angekufa kwa jino hilo mngempatia jeneza zuri na basi la kwenda makaburini. Kuliziba ili aishi nalo, hapana. Na wiki hii nyie nyie mnaandika meno yalikuwa chuma.

Siwalaumu nyie peke yenu, hasira yangu ni kubwa kuliko kundi la simu. Namkasirikia aliyeamua kwamba mdomo si sehemu ya mwili. Ukivunjika mguu hakuna anayekwambia kuukata ni nafuu kuliko kuufunga bandeji. Ukiumwa jicho hawakuulizi dirishani, "Mama umekuja kulitoa?" Lakini jino la maskini limehesabiwa kama kucha, likisumbua likatwe, maisha yaendelee. Tena watakuja baadaye kukuuzia la bandia. Wahenga walishasema, jino la pembe si dawa ya pengo, na wao hawakuwa hata na kiti cha kulala na taa.

Devota hakukata tamaa. Aliuza mbuzi aliyekuwa naye, akakusanya ya asali kidogo kidogo, mimi nikaongezea nilichopata kwa kushona sare. Tulirudi hospitali hela ikiwa kamili, Devota kaifunga kwenye pindo la kitenge. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu kwa furaha, yeye kalishikilia lile pindo. Siku mbili kabla, Neema, binti yake, alikuwa ameletewa habari kwamba amepangiwa shule ya bweni. Godoro, ndoo, sare, viatu, sanduku la bati, nauli. Sikuwa nimeyaunganisha hayo mawili. Mimi fundi wa kuunganisha nguo, sikuyaunganisha.

Tuko mlangoni ndipo akaniambia. "Dada, usinisemeshe humo ndani, nitalia. Hela hii ni ya Neema."

"Na jino?"

"Nitang'oa."

"Devota, hela si unayo! Umeishika!"

"Nimeishika, lakini si yangu. Anaondoka Jumatatu. We ungefanyaje?"

Nikamfungulia mlango. 

Daktari alimkumbuka. Alitabasamu, akasema tumewahi, halijafika kwenye mzizi, akaanza kupanga vifaa vyake vya kuzibia kwenye trei. Devota akamwambia. Kijana wa watu akasimama na glovu zake, akanitazama mimi, akatazama trei, akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, mama." Na mdogo wangu, aliyekuwa anakwenda kung'olewa, ndiye aliyembembeleza: "Usijali, baba. Si kosa lako. We ng'oa tu, mimi nimezoea."

Nasikia mnavyoitamani ile zamani. Mimi pia naitamani: moshi wa mahindi, bakuli la bati, sauti ya mama akicheka siku ile moja. Ila zamani hatukujua. Mama aliingia kwenye koleo akiamini ni sisi tuliomla, na alikwenda kaburini hajawahi kusikia kwamba jino linazibika, na labda ujinga ule ulimpunguzia machungu. Devota alijua kila kitu. Daktari alimpa tena kile kioo kidogo, akamwonyesha jino zima, jeupe, na katundu kake pembeni kasikozidi punje ya mtama. Akamuuliza kwa mara ya mwisho, "Mama, una hakika?" Devota akaligusa kwa ncha ya ulimi. Kisha akamrudishia kioo, akalala kwenye kile kiti kizuri, akaachama.